Betri Peke Yake Si Uvumbuzi

Fundi akifunga taa ya betri juu ya baiskeli aliyoikuta imekwisha kutengenezwa na mwenziwe, watu watamsifu kwa kazi nzuri, na mwenye baiskeli atamlipa haki yake. Lakini fundi huyo akisimama njia panda na kutangaza kwamba tangu leo kila baiskeli yenye taa ni mali yake, na kwamba kila anayesafiri usiku sharti amlipe ushuru kwa muda wa miaka 20, watu watamcheka. Hata hivyo, duniani yapo madai ya namna hiyo ambayo hayachekwi hata kidogo. Huandikwa kwa lugha ya sheria, hupigwa mihuri, hutetewa mahakamani na mawakili wa bei kubwa, nayo huitwa hataza.

Leo tunapenda kuzungumza juu ya hataza za chombo kimoja cha hospitali, yaani stepla ya upasuaji inayoendeshwa kwa betri. Huenda mkulima wa Kahama au mfanyakazi wa bandari ya Tanga akauliza jambo hilo linamhusu nini. Jibu ni fupi. Mwili utakaolazwa juu ya kitanda cha upasuaji ni wake, na fedha zitakazonunua chombo hicho, ziwe za kodi au za bima, ni zake pia. Kwa hiyo anayo haki ya kujua bei anayotozwa ni malipo ya uvumbuzi wa kweli, au ni malipo ya betri iliyobandikwa juu ya kitu cha zamani.

Kwanza tukifahamu chombo chenyewe. Daktari anapoondoa kipande cha utumbo kilichooza, au sehemu ya pafu yenye uvimbe, kukata ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo ndiyo ya hatari, ni kuziba pale palipokatwa ili damu isivuje na uchafu wa utumbo usimwagike tumboni. Kwa karne nyingi kazi hiyo ilifanywa kwa sindano na uzi, na hadi leo mikono hodari ya madaktari wetu inaifanya hivyo kila siku. Stepla huifanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Hubana nyama kati ya taya mbili, hupiga safu za pini ndogo za madini ya titani, na kisu kidogo hupita katikati ya safu hizo na kukata, hivyo pande zote mbili zikabaki zimezibwa. Kila pini hujikunja mfano wa herufi B, ikaacha nafasi ndogo ya mishipa myembamba kuendelea kupitisha damu ili kidonda kipate kupona.

Chombo hiki hakikushuka kutoka mbinguni, wala hakikuzaliwa katika karakana ya kampuni moja. Mwaka 1908, huko Budapest, daktari Hümér Hültl alikitumia chombo cha kwanza cha aina hii. Kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 3, na kukiunganisha kulichukua muda wa saa mbili. Kiasi cha miaka 12 baadaye Aladár Petz, naye wa Hungaria, alitengeneza kilicho chepesi zaidi. Mwaka 1934 Mjerumani mmoja aitwaye Friedrich, wa mji wa Ulm, alikiwekea sehemu ya pini inayoweza kutolewa na kubadilishwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Urusi ya Kisoveti iliunda taasisi ya umma mjini Moscow kwa ajili ya vyombo vya upasuaji, na wahandisi na madaktari wake wakatengeneza stepla za mishipa ya damu, za mapafu na za utumbo.

Mwaka 1958 daktari Mmarekani, Mark Ravitch, alizuru nchi hiyo, akaziona stepla hizo zikifanya kazi mjini Kiev, na akarudi kwao na kimoja cha vyombo hivyo. Mwaka 1964 mfanyabiashara Leon Hirsch aliunda kampuni ya United States Surgical. Mwaka 1967, mwaka ule ule ambao sisi tulitangaza Azimio la Arusha, kampuni hiyo ilianza kuuza stepla zilizotokana na kazi ya Warusi, zikiwa na makasha ya pini yaliyokwisha kujazwa na kutakaswa kiwandani.

Tusiwanyime watu haki yao. Stepla za Kirusi zilikuwa na matatizo, kwani pini zilipangwa moja moja kwa mkono, na kasha lililotayarishwa kiwandani lilimwondolea muuguzi kazi ngumu. Hayo ni maendeleo. Lakini tukumbuke pia mpangilio wa mambo ulivyokuwa. Maarifa yalianzia Hungaria, yakapitia Ujerumani, yakakuzwa kwa fedha za umma wa Urusi, kisha yakavuka bahari na kuwa mali ya kampuni. Mto huo una vijito vingi, na aliyejenga bwawa mwishoni hawezi kudai kwamba maji yote ni yake.

Sasa tuje kwenye betri. Stepla ya mkono humtaka daktari abane mpini kwa nguvu, tena mara nyingine zaidi ya mara moja. Nyama ikiwa nene, nguvu inayotakiwa ni kubwa. Katika upasuaji wa matundu madogo chombo huwa kirefu na chembamba, na mkono ukitetemeka huku nje, ncha yake hutikisika kule ndani. Daktari mwenye viganja vidogo, na wengi wao ni dada zetu, hupata taabu zaidi. Stepla ya betri huondoa taabu hiyo: daktari hubonyeza kitufe, mota ikasukuma kisu na pini, na mkono wake ukabaki umetulia. Faida hiyo ni ya kweli, nasi hatuna nia ya kuikana.

Swali tulilo nalo ni jingine. Je, kuweka mota na betri ndani ya mpini wa stepla ni uvumbuzi unaostahili hataza?

Sheria za nchi nyingi, pamoja na sheria yetu ya hataza ya mwaka 1987, huweka mitihani mitatu. Jambo liwe jipya. Liwe na hatua ya uvumbuzi, maana yake lisiwe jambo ambalo fundi wa kawaida wa kazi hiyo angelifikia bila taabu. Na liweze kutumika viwandani. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani juu ya haki za ubunifu, ambao ulianza kazi mwaka 1995, umeweka mitihani hiyo hiyo. Katika mitihani hiyo mitatu, ule wa kati ndio mlinzi wa mlango. Akisinzia, kila mtu ataingia na mzigo wake.

Wala tusidhani kwamba huo ni ubishi wa nchi maskini. Mahakama za Marekani kwenyewe, nyumbani kwa ubepari, zimeusema zamani. Mwaka 1851 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo, katika kesi ya Hotchkiss na Greenwood, iliamua kwamba kutengeneza kitasa cha mlango kwa udongo wa kauri badala ya mti au chuma, huku kitasa chenyewe kikiwa ni kile kile, ni kazi ya fundi stadi na si ya mvumbuzi. Mwaka 2007 mahakama hiyo ilikataa hataza ya pedali ya gari iliyounganishwa na kihisi cha umeme, kwa sababu pedali zilijulikana, vihisi vilijulikana, na kuvikutanisha kulileta matokeo ambayo kila mhandisi angeyatazamia. Mwaka huo huo, katika kesi ya Leapfrog na Fisher-Price, mahakama ya rufaa inayoshughulikia hataza ilikataa dai juu ya chombo cha kuwafundishia watoto kusoma. Sababu yake ilikuwa kwamba kuchukua mashine ya zamani iliyoendeshwa kwa nguvu za mkono na kuitia umeme wa kisasa limekuwa jambo la kawaida.

Ikiwa kitasa ni hivyo, pedali ni hivyo, na chombo cha watoto ni hivyo, basi stepla nayo ni hivyo. Bisibisi ilitiwa betri, keekee ikatiwa betri, mswaki ukatiwa betri. Mhandisi anayeambiwa kwamba madaktari wanachoka kubana mpini hahitaji ndoto ya usiku ili afikirie mota. Kutia mota ni wazo la kwanza litakalomjia, na wazo la kwanza la fundi wa kawaida halistahili ukiritimba wa miaka 20.

Zaidi ya hayo, wazo lenyewe si jipya tena. Katika miaka ya 1990 kampuni ile ile ya United States Surgical ilipata hataza za Marekani, mojawapo ikiwa ya mwaka 1999, kwa stepla iliyobeba mota na betri ndani yake yenyewe. Miaka 20 tangu maombi ya hataza hizo yapelekwe imekwisha kupita. Kwa maneno mengine, stepla ya betri katika umbo lake la msingi ni mali ya wanadamu wote. Yeyote mwenye kiwanda, awe Mumbai, Shanghai, Cairo au Kibaha, anaweza kusoma maelezo yale na kutengeneza. Hayo ndiyo mapatano ya hataza: umma humpa mvumbuzi ulinzi wa muda, naye huueleza umma siri yake, muda ukiisha, mlango hufunguliwa. Anayetaka kuufunga mlango huo mara ya pili kwa komeo jipya anavunja mapatano.

Lakini haki ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Si kila hataza ya stepla ya betri ni ya hila. Kuingiza mota ndani ya chombo hiki kulizaa matatizo ambayo stepla ya mkono haikuwa nayo. Mkono wa daktari huhisi. Unapokutana na nyama ngumu hujua na kupunguza mwendo. Mota haihisi, husukuma tu, na ikisukuma kwa pupa juu ya nyama nene, pini hazijikunji vizuri. Tena mvuke wa moto unaotumika kuua vijidudu huharibu betri. Tena betri inaweza kukatika nguvu katikati ya kazi, taya zikiwa zimeng'ang'ania utumbo wa mgonjwa, na lazima iwepo njia ya kuzifungua kwa mkono. Na yote hayo sharti yapite katika tundu ambalo upana wake ni kama wa kidole.

Mhandisi aliyekesha akapata njia isiyotazamiwa ya kuifanya mota ipime ukinzani wa nyama, isite, isubiri, kisha iendelee, huyo amefanya kazi ya akili. Apewe hataza, na apewe kwa heshima. Lakini apewe kwa kile alichokivumbua. Dai lake liseme ni njia gani ya kupima na ni namna gani ya kusita. Lisiseme kwa ujumla kwamba kila stepla yenye mota na kihisi ni yake, maana hapo atakuwa amechimba kisima kimoja na kudai maji yote ya chini ya ardhi ya wilaya nzima.

Makampuni makubwa yenyewe hayaaminiani katika jambo hili. Johnson & Johnson kwa kupitia tawi lake la Ethicon, na Covidien ambayo ilirithi biashara ya United States Surgical na kununuliwa na Medtronic mwaka 2015, yamepelekana mbele ya vyombo vya sheria mara kwa mara juu ya stepla. Katika kesi moja iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa mwezi Januari 2016, madai ya hataza ya Ethicon juu ya pini zinazojikunja kwa urefu mbalimbali yaliangushwa kwa sababu yalikuwa mambo ya dhahiri, na aliyeyapinga alikuwa Covidien. Funzo ni kwamba hataza kupigwa mhuri si ushahidi wa mwisho kuwa inastahili. Tajiri huliweza hilo kwa kuwa ana wakili. Hospitali ya mkoa haina wakili, na ikionyeshwa karatasi yenye nembo ya dhahabu huinamisha kichwa na kulipa.

Hapa ndipo penye kiini cha unyonyaji wenyewe. Mtu asiyeijua biashara hii hudhani kwamba fedha ziko kwenye mpini wenye mota. La hasha. Fedha ziko kwenye makasha ya pini. Mpini unaweza kuuzwa kwa bei nafuu, au hata kutolewa zawadi, picha zikapigwa na hotuba zikasomwa. Lakini kila mara daktari anapofyatua, kasha moja limekwisha, na upasuaji mmoja unaweza kula makasha kadhaa. Makasha ya kampuni moja kwa kawaida hayaingii katika mpini wa kampuni nyingine, na mahali yanapoungana napo huzungushiwa hataza. Anayekugawia bunduki bure huwa amekwisha kupanga bei ya risasi. Siku zawadi ya makasha itakapokwisha, mpini ule wa fahari utalala kabatini, na daktari atarudia sindano na uzi, au hospitali itakwenda kuomba fedha za kununua kasha kwa yule yule mmoja.

Je, sisi tunaweza kufanya nini? Wapo wenzetu wanaosema kwamba mambo haya huamuliwa na wakubwa, na kwamba mnyonge hana la kufanya ila kulipa. Mawazo hayo ni ya kikoloni, na kwa bahati nzuri si ya kweli. Silaha tunazo, ila zimelala ghalani.

Silaha ya kwanza ni kujua kwamba hataza ina mipaka ya nchi. Hataza iliyotolewa Washington inatawala Marekani. Haina nguvu Mwanza. Mchuuzi akija na karatasi ya kutisha, akisema kwamba ni marufuku kununua stepla kwa mtu mwingine yeyote, aulizwe swali moja tu: hataza hiyo imesajiliwa wapi? Ikiwa haikusajiliwa kwetu, wala haikuelekezwa kwetu kupitia Shirika la Miliki Ubunifu la Kanda ya Afrika, ARIPO, lenye makao yake Harare, basi karatasi hiyo ni ya kufungia vitumbua. Na kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya mali ya viwandani, swali liulizwe pande zote mbili za Muungano.

Silaha ya pili imo ndani ya Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, ambayo Tanzania ni mwanachama wake. ARIPO inapokusudia kutoa hataza, huziarifu nchi zilizotajwa katika maombi, na nchi inayo miezi 6 ya kusema kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu katika ardhi yake kwa kuwa haikidhi masharti. Mamlaka hiyo si msaada wa mtu, ni haki tuliyojiwekea sisi Waafrika wenyewe. Lakini haki isiyotumiwa haina faida. Miezi 6 ikipita barua zikiwa zimelala kwenye faili, ukimya wetu huhesabiwa kuwa ndiyo.

Silaha ya tatu ni nafasi ambayo mkataba wa Shirika la Biashara Duniani umezipa nchi zinazoendelea polepole zaidi. Mwezi Juni 2021 nafasi hiyo ilisogezwa mbele hadi tarehe 1 Julai 2034 kwa nchi zilizo katika kundi hilo, maadamu zingali humo, nazo hazilazimiki kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba. Sisi kwa hiari yetu tumechagua kuwa na sheria ya hataza, na si vibaya. Lakini aliyefungua mlango wake kwa hiari hakosi haki ya kumkagua anayeingia.

Silaha ya nne ni mfano wa wenzetu. India, ambayo dawa zake zimeokoa maisha ya Waafrika wengi, iliandika katika sheria yake ya mwaka 1970 kwamba kupanga na kupangua tu vyombo vinavyojulikana, kila kimoja kikifanya kazi yake ya siku zote, si uvumbuzi. Maneno hayo ni machache, lakini yanatosha kuizuia betri isijifanye mfalme. Hatuoni sababu ya sheria yetu kutokuwa na maneno ya wazi kama hayo.

Tunajua kwamba zitatolewa hoja dhidi yetu, nasi hatuzikimbii.

Hoja ya kwanza ni ya usalama. Watasema kwamba ukifungulia watengenezaji wengi, vitaingia vyombo vibovu na watu watakufa. Hatari hiyo ni ya kweli, ila inawahusu wote, wakubwa na wadogo. Mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilieleza kwamba tangu mwaka 2011 hadi mwezi Machi 2018 ilipokea zaidi ya taarifa 41,000 za matukio mabaya yaliyohusishwa na stepla na pini za upasuaji za ndani ya mwili, zikiwamo za vifo 366 na majeraha makubwa zaidi ya 9,000. Taarifa peke yake haithibitishi kwamba chombo ndicho kilichoua. Hata hivyo mwaka 2021 mamlaka hiyo ilizihamisha stepla hizo kutoka daraja la vyombo vya hatari ndogo na kuziwekea masharti makali zaidi. Matukio hayo yalitokea katika nchi ambayo hataza za stepla zimejaa tele. Kumbe hataza haimlindi mgonjwa. Hataza husema nani anaruhusiwa kuuza. Haisemi kama kinachouzwa ni salama. Kazi ya usalama ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na tunataka ifanywe bila huruma kwa muuzaji yeyote, mwenye hataza na asiye nayo.

Hoja ya pili ni kwamba ukali huu utawavunja moyo wavumbuzi. Sisi tunaona kinyume chake. Kijana wa chuo cha ufundi Arusha au wa karakana ya SIDO akitaka kutengeneza chombo cha hospitali, atakuta njia imejaa miiba ya hataza za mambo madogo madogo, zilizoandikwa kwa upana ili kumzuia mtu kama yeye. Mlinzi wa mlango akiwa macho, kijana huyo atapata pa kupita, na siku atakapovumbua jambo la kweli, hataza yake itakuwa na heshima. Hataza zikigawiwa kama njugu, hata ile ya haki hushuka thamani.

Hoja ya tatu ni kwamba wawekezaji watakimbia. Mwekezaji wa haki hakimbii mtihani wa haki. Kama mahakama za Marekani zinaweza kukataa hataza ya pedali na makampuni yakaendelea kufanya biashara kule, hatuoni kwa nini yakimbie Dar es Salaam kwa kukataliwa hataza ya betri.

Tunapenda pia kuwakumbusha madaktari wetu wapenzi, ambao tunawaheshimu sana, kwamba sheria haikubali mtu amiliki njia ya kumtibu binadamu kwa upasuaji. Mkataba wa kimataifa umeziruhusu nchi kuziweka njia hizo nje ya hataza, na Mkataba wa Hataza wa Ulaya nao umeziweka nje. Mkono wa daktari na maarifa yake haviwezi kuandikishwa kwa jina la kampuni. Kinachoandikishwa ni chombo tu. Kwa hiyo wasikubali kufundishwa chombo cha kampuni moja peke yake hadi wakasahau sindano na uzi. Daktari anayeweza kuziba utumbo kwa njia zote mbili ni daktari huru. Asiyeweza bila kasha la kampuni amekwisha kuwa mteja wa kudumu, na mgonjwa wake pia.

Kwa hayo yote, tunatoa mapendekezo. Wizara ya Afya, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na Bohari ya Dawa waketi pamoja na kuunda jopo dogo la kudumu la madaktari wa upasuaji, wahandisi na wanasheria. Jopo hilo lisome kila arifa ya ARIPO inayohusu vifaa vya tiba, nalo litoe jibu kabla miezi 6 haijakwisha. Kila zabuni ya stepla ionyeshe bei ya mpini na bei ya makasha ya miaka mitano kwa pamoja, na ieleze kama yupo mtengenezaji mwingine ambaye makasha yake yanaingia. Zawadi ya vyombo ipokewe kwa shukrani, lakini kwanza ihesabiwe gharama ya kuilisha. Na vyuo vyetu vikuu viwafundishe wanafunzi wa uhandisi kusoma hataza zilizokwisha muda wake, kwa maana humo mna hazina ambayo haina mwenyewe tena.

Azimio la Arusha lilitufundisha kwamba kujitegemea ni kazi ya kila siku. Zamani tulidhani kujitegemea ni jembe, mbegu na kiwanda cha nguo. Bado ni hayo, lakini leo ni pamoja na kujua kusoma karatasi ya hataza na kuuliza kwa utulivu: katika haya yote, wewe umevumbua nini? Mwenye jibu la kweli tutamlipa kwa furaha. Asiye na jibu ila betri, aende akauze betri.